Selwyn Dannatt na Sahani Iliyorudi Safi

Wasifu wa marehemu Sajini Selwyn Amos Dannatt (1922–1944), unaosomwa na shangazi yake, Keturah Dannatt, katika makaburi ya Wrangby, Lincolnshire, Alhamisi tarehe 27 Januari 1944.

Mchungaji, Bwana Afisa, ndugu, majirani na marafiki. Ninyi mliopewa karatasi ya ibada mtaona kwamba maneno yenu yanakwisha kabla ya yangu. Mpiga chapa alisema karatasi ni haba siku hizi, akaomba apunguze. Nikamwambia apunguze anavyotaka, mdomo wangu serikali haijauwekea mgawo bado. Humo kwenye karatasi kuna kijana shujaa asiyejua hofu. Maneno hayo yametoka kwenye barua ya kambini. Ni mazuri, na namshukuru aliyeyaandika, ila hakumjua. Mimi nilimlea. Nitawasomea habari zake mwenyewe.

Selwyn alizaliwa hapa Wrangby, nyumba ya tatu kutoka kanisani, Alhamisi tarehe 9 Machi 1922. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kaka yangu Amos, mchunga farasi wa shamba la Low Carr, na mkewe Lettice, ambaye amelala kaburi la pembeni hapa. Lettice alifariki Selwyn akiwa na miaka minne, na dada yake Ivy akiwa mwaka na nusu. Shangazi yao, ambaye hakuwa na mume wala hakuwa akimtafuta, alihamia kwa wiki mbili kusaidia. Wiki hizo mbili hazijaisha mpaka leo.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1927 hadi 1936. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa kuburura mkia. Kwa muda mrefu alichelewa kila asubuhi, na mwalimu akaniita kunilaumu kwamba simwamshi. Kumbe mtoto alikuwa akizunguka mtaroni karibu nusu maili, kwa kuogopa dume la bata bukini la akina Tasker. Nilimcheka. Nilimwambia, "We mtoto, unakimbizwa na kitoweo?" Akasema, "Shangazi, yeye hajui kuwa ni kitoweo." Lakini Ivy alipoanza shule, akiwa na miaka mitano na miguu mifupi, Selwyn aliona mtaro utamzidi. Siku ya kwanza alimshika mkono akapita naye njia kuu, mbele ya bata, macho ameyafumba. Ivy ndiye aliyekuwa akimwongoza asiingie ukutani. Bata alimng'ata paja, na alama ile alikuwa nayo hadi anaingia jeshini.

Alipotimiza miaka kumi na minne alikwenda kujifunza kazi kwa Bwana Tasker, fundi wa mikokoteni, yule yule mwenye bata. Alikaa huko miaka mitano. Mkokoteni mpya ukishapakwa rangi huchorwa mistari myembamba ubavuni kwa mkono mtupu, bila rula, na Bwana Tasker atawaambia mwenyewe kuwa hajapata kuwa na kijana mwenye mkono uliotulia kama ule. Mkokoteni uliomleta Selwyn kutoka stesheni leo asubuhi aliuchora yeye, mwaka 1940. Naomba mkumbuke kwamba mkono wake ulikuwa umetulia.

Aliingia jeshi la anga kwa hiari mwezi Septemba 1941. Watu walishangaa, kwa kuwa alikuwa hapandi hata ngazi ya ghala bila kushikiwa. Nilimuuliza, naye akanijibu baba yake akiwa palepale anakunywa chai. "Baba alipigana vita vile vya kwanza chini, kwenye matope na gesi. Nimemsikia akikohoa miaka yote hii. Nikiwa juu, litakalonipata litanipata mara moja." Amos alimega mkate wake, nusu akampa mwanawe.

Baada ya mafunzo alipangwa kukaa mkiani mwa ndege kubwa ya mabomu yenye injini nne, akishika bunduki za rashasha, katika kambi ya Scarholme, maili kumi na moja tu kutoka hapa. Watu waliniambia nina bahati kwa kuwa kijana yuko karibu. Wasemaji hao hawakuwahi kusimama shambani jioni wakazihesabu ndege zikitoka, kisha wakaamka wakazihesabu zikirudi. Wenzake walikuwa sita. Rubani wao, Sajini Murdo Haggart, anatoka mashamba ya ngano ya Kanada. Kila mmoja alikuwa na kinga yake ya kuepusha mkosi. Rubani huvaa soksi moja ya kijani na moja nyeusi, na kuna mmoja hapandi ndege mpaka ajisaidie kwenye gurudumu la nyuma. Msicheke. Sisi tulio chini tuna ya kwetu.

Selwyn aliniambia, "Shangazi, wenzangu wanakaa pamoja wanaona tunakokwenda. Mimi niko peke yangu kule nyuma, nimewapa mgongo. Naona tulikotoka tu, na anayetufuata." Tangu siku hiyo sikulala usingizi kamili.

Hakuoa. Yuko binti mmoja, yuko hapa amevaa sare, ameniomba nisimtaje. Anasema akijulikana kuwa alikuwa wa Selwyn, hakuna kijana kambini atakayethubutu kucheza naye dansi, watasema ana nuksi. Basi hajatajwa. Selwyn alitaka kumwoa vita vikiisha.

Kwa kawaida mahali hapa huelezwa ugonjwa wa marehemu. Ugonjwa wake ulikuwa hofu, na ulimwanza baada ya safari ya tano. Alipokuja likizo ya mwaka mpya, kikombe kililia kwenye kisosi tangu alipokiinua hadi alipokirudisha. Mkono wa kushoto alikuwa ameukalia. Asubuhi alitapika nyuma ya banda la nguruwe, akafukia kwa jembe ili nisione. Jumapili tarehe 2 Januari, tulipotoka kanisani, alinivuta pembeni.

"Shangazi, mtu anaweza kukataa, unajua."

"Kukataa nini?"

"Kupanda. Unamwendea mkubwa, unamwambia siwezi tena. Wanakuvua vyeo vyako mbele ya watu, wanakuandika mwoga kwenye karatasi zako, na karatasi hizo zinakufuata popote. Unasafisha vyoo mpaka vita viishe. Lakini unakuwa hai."

"Kuna aliyekataa?"

"Mmoja. Tulikuwa tunakula naye meza moja. Siku hiyo hiyo akaondolewa, na hakuna anayelitaja jina lake." Kisha akasema, "Nikipata ishara mbaya moja, Shangazi, hata ndogo namna gani, nakataa. Niambie nifanye nini."

Nilimwambia, "Subiri." Miaka kumi na minane nilikuwa na jibu la kila kitu, la surua, la viatu, la hesabu za mafungu. Siku hiyo nilikuwa na neno moja tu, nalo halikuwa jibu.

Jumanne tarehe 11 tulichinja nguruwe. Jumatano Selwyn akaja kwa baiskeli, nikampa sahani ya maini, moyo na mafuta ya tumbo awapelekee wenzake, kama tunavyowapelekea majirani kila nyumba inapochinja. Hapa kaburini hakuna mtoto wa Wrangby asiyejua sharti la sahani ile. Hairudishwi imeoshwa. Inarudi na mafuta yake na damu yake, la sivyo nyama ya mwenye nguruwe haishiki chumvi, na nyumba inapata msiba. Mimi ni mtu wa kanisa na najua Mchungaji ananitazama. Lakini Mchungaji naye, tulipompelekea, aliirudisha chafu.

Jumamosi alasiri mlango ukabishwa. Alikuwa rubani, Murdo Haggart, kofia mkononi, amekuja kushukuru. Akaitoa sahani kwenye gazeti. Ilikuwa inang'aa.

"Nani kaiosha?" nikamuuliza.

"Mimi mwenyewe, mama. Kwa maji ya moto, mara mbili! Mama yangu aliniambia sahani ya watu ikirudi chafu nisirudi nyumbani."

Alitabasamu, masikini, akingoja sifa. Nikaketi kwenye ngazi. Nilimweleza yote, na tabasamu lile likaondoka usoni mwake, kwa kuwa watu wenye soksi za rangi mbili hawana la kumcheka mtu mwingine. Nikamwambia, "Usimwambie Selwyn. Niapie." Akaniapia.

Sasa nasema lile ambalo mpiga chapa hakupewa. Jioni hiyo nilichukua mafuta ya nguruwe nikaipaka sahani. Nikatia vipande vya kitunguu na tone la damu ya nguruwe kutoka kwenye ndoo. Kaka yangu aliniona, akatoka nje. Sijawahi kusema uongo katika nyumba ile, na nilikuwa nikiutengeneza kwa vidole vyangu.

Selwyn alifika Jumapili tarehe 16. Hata koti hakuvua.

"Shangazi, sahani yako ilirudi?"

"Ilirudi jana. Iko pale dirishani. Mna adabu ninyi, hata kipande cha kitunguu mmeniachia."

Aliichukua. Aliitazama mbele, akaigeuza akaitazama nyuma. Akapitisha kidole, akakilamba. "Mh. Mafuta mazuri," akasema. Akaketi, akala sahani mbili za viazi na nyama. Alimtania Ivy kuhusu nywele zake. Kikombe hakikulia. Nikajisemea, Keturah, umemponya. Jioni akapanda baiskeli, akapunga mkono kwenye kona. Sikumwona tena.

Mtaniuliza kwa nini. Ningeiacha sahani ilivyokuwa, angekataa, na leo angekuwa anasugua choo cha jeshi akiwa mzima. Sikuipaka mafuta kwa ajili ya mfalme, wala kwa ajili ya vita. Niliwaogopa ninyi. Niliogopa midomo yenu dukani, na kisimani, na katika viti vya kanisa hili. Nilikumbuka tulivyomtenda mama wa yule kijana aliyekataa vita vile vya kwanza, namna tulivyohama benchi alilokalia. Mimi nilikuwa mmoja wa waliohama. Aibu nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, nikadhani ndiyo kubwa kuliko yote yanayoweza kuingia nyumbani kwa mtu. Basi nikamwogopea mtoto aibu kuliko nilivyomwogopea kifo.

Ijumaa tarehe 21 Januari, jina lake lilibandikwa ubaoni kwa safari ya kumi na nne. Mji waliokwenda hatujaambiwa. Wakati wa kurudi ndege ya adui iliwafuata kutoka nyuma. Selwyn aliiona kabla ya yeyote, akamwambia rubani ageuze, na kwa kuwa aligeuza, watu sita wako hai. Risasi ziliingia mkiani. Walitua Scarholme alfajiri ya Jumamosi tarehe 22, na daktari akasema alikuwa ameshafariki walipokuwa bado juu ya bahari. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, miezi kumi na siku kumi na tatu.

Hapo ndipo wasifu huu ungeishia, na jana mchana ulikuwa umeishia hapo. Jana jioni rubani alikuja nyumbani. Nilidhani amekuja kuniambia kwamba ni yeye aliyemuua Selwyn kwa maji ya moto, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba ni mimi. Alikaa kiti cha Selwyn kwa kutojua.

"Mama," akasema, "nilikuapia uongo. Nilimwambia siku ile ile. Kwenye ndege moja hatufichani kitu, tukifichana tutakufa."

"Ulimwambia kwamba uliiosha?"

"Nilimwambia yote. Kesho yake akaenda kwako, na aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Alituambia, 'Shangazi kaipaka mafuta mpaka mgongoni! Nani anakula maini upande wa nyuma wa sahani? Kaweka na kitunguu, na mimi sikupika kitunguu!'"

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hakukataa?"

Murdo Haggart aligeuza kofia yake mikononi. "Alisema, 'Yule mama hajawahi kudanganya, na amedanganya. Anaogopa kuliko mimi. Nikikataa sasa, atajua kwamba nilijua.' Halafu alisema akitoka yeye, tutapewa mtu tusiyemjua kule nyuma. Na mimi, mama, sikumwambia abaki chini. Nilitaka awe yeye. Niliogopa kwenda na mwingine."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Shangazi aliogopa watu, rubani aliogopa mgeni, na katikati yetu alikaa kijana aliyeogopa kuliko wote, akatuhurumia. Nilitazamia habari hiyo itanipunguzia mzigo. Haijanipunguzia. Alipokuwa akinisifia mafuta yale alikuwa anajua, na mimi nilikuwa namwongezea viazi.

Bwana Afisa, najua umekaa safu ya mbele, na nimeandika haya nikijua utakaa hapo. Vijana wako sita wamepewa ruhusa hadi saa kumi. Wameniambia huenda majina yao yakabandikwa kesho. Nimewatazama mikono tangu ibada ilipoanza. Wawili wameikalia.

Ninyi sita, nisikilizeni, kwa sababu neno hili lilikuwa la Selwyn na sikumpa. Anayeweza kwenda, aende, na mimi nitasimama shambani nikihesabu. Asiyeweza, aje Wrangby, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Aje bila vyeo, aje na karatasi iliyoandikwa wanachotaka kuandika. Kitanda kipo. Nitamweka mezani, nitampikia, na mwenye mdomo kijijini hapa apitie kwangu kwanza. Jumapili tutakaa naye benchi la mbele. Anayetaka kuhama, ahame.

Selwyn ameacha baba yake, Amos Dannatt, ambaye ameomba asiseme neno. Dada yake, Ivy. Shangazi yake, Keturah. Bwana Tasker aliyemfundisha kazi. Mtu mmoja ambaye hakutajwa. Na wenzake sita wa ndege moja, ambao wana safari kumi na sita mbele yao kutimiza thelathini wanazodaiwa.

Mungu ampokee mtoto huyu jinsi alivyokuwa, na hofu yake yote. Alale. Ubaoni asibandikwe tena, wala asiwepo wa kumwamsha.